Mita ya Sita

"Zimebaki dakika nane," sauti ya Mkuu wa kikosi ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Umekipata?"

"Nimeiteka karakana. Kifaa chenyewe bado."

Mwiba alimbamiza Fundi Mkuu ukutani, akamfunga pingu kwenye bomba. Mlangoni walinzi wawili walikuwa wamelala kifudifudi, na si kwa hiari yao. Wiki tatu Mwiba alikuwa amevaa ovaroli ya bluu humu ndani, akijifanya anajifunza kupima mita za maji. Asubuhi hii uongo ulikwisha. Alibaki na bastola ya Beretta.

Na risasi moja.

Mezani, mita kumi zilipangwa kwenye bomba moja. Maji yaliyotoka katika hii yaliingia katika ile, mpaka kwenye tangi la kipimo mwishoni. Tangi likipata lita mia, kila mita iseme mia, au karibu na hapo. Ndiyo kazi yenyewe.

Lakini moja haikuwa mita.

Ilikuwa mtambo wa kutuma mawimbi ya redio uliovishwa ganda la mita. Saa nne kamili ungetuma ishara ya kufunga vali zilizotegwa kwenye mabomba ya hospitali kuu. Mabwana wa Fundi Mkuu, wageni wenye suti nzuri na roho mbaya, walitaka wakabidhiwe chemchemi zote za nchi. Hospitali ilikuwa onyo la kwanza.

Ghorofa ya pili ya hospitali hiyo, dada yake Mwiba alikuwa amelazwa, damu yake ikisafishwa na mashine. Mashine hiyo haifanyi kazi bila maji.

"Chagua, bwana mdogo," Fundi Mkuu alisema, akitema damu. "Zimeungwa kwa waya. Ukivunja isiyo yenyewe, yenyewe inatuma ishara papo hapo. Dada hatafika adhuhuri."

"Mtaje tena uone."

"Nitamtaja mpaka saa nne."

Mwiba alizitazama. Shaba, kioo, tarakimu. Zilifanana kama mapacha.

Hakufyatua.

Alichukua chaki, akaandika mezani namba iliyosomeka kwenye kila mita. Kisha akazungusha koki kubwa ya kuingizia maji tangini. Bomba lilikohoa, likatetemeka, likapiga kelele kama limekabwa koo.

Fundi Mkuu aliangua kicheko.

"Hata hewa hujatoa! Siku ya kwanza nilikwambia nini? Fungua koki ndogo, hewa itoke, ndipo upime. Hewa inaizungusha mita kama maji. Vipimo vyako vyote vitazidi. Wiki tatu nimefundisha gogo."

Macho ya Mwiba yalikuwa kwenye tangi.

"Dakika mbili," Motorola ilisema. "Mwiba, sema kitu."

"Kaa kimya, Mkuu. Napima."

Maji yaligusa alama ya mia. Akafunga koki, akainama na chaki yake, akitoa namba ya mwanzo kwenye namba ya sasa.

Mita ya kwanza, mia na nne. Ya pili, mia na tano. Ya tatu, mia na nne. Zote zilikuwa zimemeza hewa, zikaihesabu kama maji, kama ifanyavyo mita yoyote ya kweli.

Ya sita, mia.

Mia kamili.

Kicheko kilikatika.

"Mliitengeneza ifaulu mtihani: inanakili tangi, haipimi," Mwiba alisema. "Mkajua kila fundi hutoa hewa kwanza. Mimi ni gogo. Sikutoa."

"Sikiliza, ndugu yangu, tunaweza kuongea..."

"Leo nimekuwa ndugu yako?"

Beretta ilibweka mara moja. Kioo cha mita ya sita kilipasuka, cheche zikaruka, maji yakachomoza na kumlowesha Mwiba kifua kizima. Taa nyekundu ndani ya ganda ilipepesa.

Ikazima.

Saa ya ukutani iligonga saa nne. Mwiba alitoa simu mfukoni, akapiga namba moja.

"Dada. Mashine inaendelea?"

"Inaunguruma hapa, inaninyima usingizi. Uko wapi wewe? Uliahidi kuja asubuhi."

"Kazini. Nakuja."

"Njoo na kandambili zangu. Safari hii usisahau."

"Sisahau."

Alikata simu, akavua ovaroli iliyolowa na kumtupia Fundi Mkuu miguuni. Maji yalikuwa yakipanda kwenye vifundo vya mzee, na nje breki za magari ya Mkuu zilianza kulia.

"Usiniache humu," Fundi Mkuu alisema.

Mwiba alifungua ile koki ndogo. Hewa ikatoka, fyuuu, mpaka ikaisha.

"Somo la kwanza," alisema, akatoka taratibu kwenda kutafuta kandambili.