Kitambaa cha Kunyanyukia

Lilianza godoro. Kila mara Fundi alipojigeuza ubavu ili ashuke kitandani, godoro nyuma yake lilibonyea taratibu, kama kuna mtu mwingine naye anajigeuza. Akizungusha shingo, haoni mtu. Shuka tu, na harufu ya nywele zilizoungua.

"Dawa za hospitali hizo, zimekupanda kichwani," alisema wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kumuuguza na kuutangazia mtaa mzima kwamba amekuja kumuuguza.

Fundi alikuwa mshona nguo, cherehani yake ikikaa chumba cha mbele, na tumbo lake lilikuwa limepasuliwa kuanzia kitovuni kwenda chini. Kama hujawahi kupasuliwa, tafadhali usije ukaniambia kutoka kitandani ni kazi ndogo. Kukohoa tu ni msiba! Muuguzi mmoja wa hospitalini, jirani yao, alimfundisha kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

"Usinyanyuke wima hata mara moja. Kunja magoti, jigeuze ubavu mzima mzima, bega na nyonga pamoja. Shusha miguu, halafu jisukume kwa kiwiko na kiganja. Na mtu asikuvute mikono. Mshono ukifumuka, mama, utakuja hapa umeshika utumbo."

Fundi alilishika somo. Wifi hakulishika. Alipomwona akijipindua polepole, jasho likimtiririka, alisonya.

"Unajidekeza, wifi. Mimi nimezaa, na siku hiyohiyo nikateka maji."

"Wewe mtoto alipita mlangoni, wifi. Mimi nimebomolewa ukuta."

Wifi hakucheka. Alikwenda chumba cha mbele, akapekua mfuko wa viporo, zile kazi ambazo wenyewe hawajazifuata, akarudi na kitambaa kizito cheusi. Akakifunga miguuni pa kitanda, ncha ya pili akamtupia Fundi kifuani. "Haya, vuta ukae. Tumechoka na maigizo."

Fundi akahisi baridi mpaka kwenye meno. Kitambaa kile kilikuwa cha mteja mmoja, mwanamke aliyeingia bila kubisha hodi, akapimwa bila kufunua uso, na tepu ikatoa kipimo kilekile kifuani, kiunoni na nyongani. Tangu siku hiyo hakuonekana. Na mafundi wana mwiko wao: kitambaa cha mteja hakitumiwi, hata kufutia vumbi la mashine, mpaka mwenyewe aje. Ukikitumia, umemwita.

"Kitoe, wifi. Hicho cha watu."

"Watu gani? Watu wenyewe wameshakisahau!" Akatoka kwenda kuanika nguo, akaubamiza mlango.

Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani, na uani wifi alisikika akikung'uta mashuka. Fundi akaamua ashuke mwenyewe akakifungue. Akakunja magoti. Godoro likabonyea nyuma yake.

"Keti wima," ikasema sauti ya wifi. "Unajidekeza."

Uani, mashuka yaliendelea kukung'utwa.

"Wewe nani?" Fundi alinong'ona.

"Mteja wako. Nilitaka nguo ya kuvaa, hukunishonea." Sauti sasa ilikuwa sikioni, na harufu ya nywele zilizoungua ikamziba pumzi. "Si neno. Nimeona umefunguliwa."

Hapo Fundi akaelewa inachotaka kuvaa, na akaogopa kuliko alivyoogopa kisu cha daktari. Akajitupa ubavu, akashika ukingo wa kitanda, lakini kitambaa kilikuwa tayari kimemzunguka kiganja, kikapanda kifundo cha mkono, kikakaza, kikaanza kuvuta polepole, bila haraka yoyote, huku nyuma yake mkono wa baridi ukimsukuma mgongo, na yeye akipiga kelele ambazo hazikutoka kwa sababu kupiga kelele kunahitaji tumbo, na tumbo lake alikuwa amelikumbatia kwa mto akiliomba lisifumuke, lisifumuke jamani, mpaka akasikia sauti anayoijua kuliko sauti ya mumewe, sauti ya uzi ukikatika, mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine tena.

Ndipo kelele ikatoka.

Wifi aliingia mbio, shuka mbichi begani. Akamkuta amekaa wima katikati ya kitanda, miguu imenyooka, kitambaa kimeanguka sakafuni. Akapiga makofi kwa furaha.

"Umeona? Si nilikwambia unaweza!"

"Kamwite muuguzi," alisema Fundi. "Wifi, nakuomba, kimbia. Mshono umeachia."

Kwa namna alivyosema, wifi hakubisha. Akatoka bila viatu, akarudi na muuguzi. Wakamlaza chali. Muuguzi akaibandua bandeji akiwa ameshajiandaa kuona vibaya, kisha akakunja uso. Hapakuwa na damu, hata tone. Kidonda kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Nani amekushona huku chini?" aliuliza. "Hizi nyuzi si zetu."

Fundi akainua kichwa kidogo, akatazama. Zilikuwa nyuzi nyeusi, ndogo ndogo, zimebanana. Aliujua mshono ule. Ndio anaoutumia fundi kufungia mto akishaujaza.

"Nitoleeni," alisema, machozi yakimchuruzika masikioni. "Nitoleeni, jamani, kimo ndani."

"Tulia, mama. Ni uzi tu huu."

Wifi akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu aje. Muuguzi akachukua kikoleo, akaibana ncha ya uzi, akauvuta kwa upole. Uzi ukatoka kidogo, halafu ukakataa. Akavuta tena.

Huko ndani, kitu kikauvuta uzi, na kikoleo kikamtoka mkononi.