Kitanda Kilichotangulia Mimba

Seremala waliyemwita Randa hakuwa mtu wa maneno. Randa yake ya kulainishia mbao ilisema kuliko yeye. Lakini asubuhi hiyo hata hiyo randa ilinyamaza. Mkewe alisimama mlangoni mwa karakana, mtoto wao wa tatu mgongoni. Alikitazama kitanda kidogo kilichofichwa nyuma ya mbao.

"Cha mteja gani hiki?"

Randa akakohoa, akilisingizia vumbi.

"Mama ameniagiza. Cha mtoto wa nne."

"Yuko wapi huyo wa nne?"

"Bado."

"Yaani kitanda kimetangulia mimba." Mke hakucheka. "Huyu wa mgongoni hajafikisha mwaka. Siku ya kumzaa nilitokwa damu nusura nife. Umesahau? Basi ongeza mbao, uchonge na jeneza."

Mama yake Randa alikuwa uani akipepeta mchele. Akaja na ungo wake.

"Watatu ni watoto hao? Mdogo wako huko ng'ambo naye ana mmoja. Ameiga matajiri. Wana kila kitu, lakini wanazaa kama wanaonja chumvi."

Jirani yao mkunga alikuwa amefuata kigoda chake kilichotengenezwa. Mtaani walimwita Mama Mizani, kwa sababu alipima watoto uzito zahanati. Akakikalia kigoda palepale.

"Mama, wewe ulizaa wangapi?"

"Wanane."

"Wako wapi?"

Ungo ukatulia. "Wanne nimewazika. Surua. Kuhara. Mmoja hata kukaa hakujua bado. Ndiyo maana nataka wengi. Nikizeeka, nani atanitazama?"

"Huna kosa, mama. Hata nchi tajiri, bibi zao walizaa hivyo hivyo na kuzika hivyo hivyo. Kisha yakaja maji safi, chanjo na hospitali. Watoto wakaishi. Wasichana wakakaa shule, wakaolewa wakubwa, wakafanya kazi. Wazee wakapata pensheni. Uzazi wa mpango ukafika karibu. Watu wakaona wachache wanatosha."

"Kumbe fedha ndiyo inafunga kizazi," Randa akasema.

"We Randa, fedha haifungi kitu. Zipo nchi zisizo tajiri zilizopunguza kuzaa, kwa kuwa wasichana walisoma na zahanati haikuwa mbali." Akamgeukia mama. "Wajukuu zako wote wamechanjwa. Huna haja ya watoto wa akiba. Ila mkweo akishika mimba sasa, tunaweza kumkosa. Mwili unataka angalau miaka miwili upumzike. Na kwa damu ile, daktari amwone kwanza."

Mama akamkazia macho mwanawe. "Na wewe unasemaje?"

Mkewe naye alikuwa akimtazama. Randa akapangusa vumbi mikononi. Akinyamaza, mama atafurahi. Akinyamaza, huenda akamzika mkewe.

"Mama," akasema polepole, "kukutazama nitakutazama mimi. Ila siwezi kumtia mke wangu hatarini. Akitaka mwingine, atasema mwenyewe. Kesho tunakwenda zahanati."

Mama akachukua ungo akaingia ndani. Wiki nzima alizungumza na Randa kupitia wajukuu. "Mwambieni baba yenu chakula kipo." Naye Randa yuko hatua mbili tu kutoka kwake.

Zahanati walionyeshwa vidonge, sindano, kitanzi, kipandikizi na kondomu. Daktari alimpima mke, naye akachagua kipandikizi. Alipopata nguvu alirudi kwenye kazi yake ya kusuka nywele saluni. Kile kitanda alikinunua mteja ambaye mimba yake ilikuwa tayari.

Mama naye alianza kumbeba mjukuu mdogo kwenda kupimwa uzito. Hakuna aliyemtuma. Siku moja, kwenye foleni, mwanamke mmoja akamtania.

"Wajukuu watatu tu, bibi? Mwanao amechoka mapema hivyo?"

Mama akamweka mjukuu vizuri mapajani.

"Watatu," akajibu. "Na nikiwaita, wote wanaitika."