Utepe wa Buluu

Mashine ilikuwa imezimwa, na bado ilikuwa inapumua.

Wendell Kistler aliisikia asubuhi, akinywa kahawa kwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Ilikaa juu ya meza, sanduku la kijivu la ukubwa wa redio, waya umekunjwa, taa imezimika. Ilivuta hewa taratibu, ikatulia, kisha ikaitoa kwa mkoromo mdogo, kama mtu mwenye kikohozi cha siku nyingi. Akaitikisa. Ikanyamaza. Akacheka kwa dharau, maana huyu bwana alidharau hata vyombo vyake mwenyewe, akasema, "Feni imeingia vumbi," akaenda zake kuoga.

Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba zinazouzwa. Kwenye vilima vile vya Pennsylvania mtu hanunui nyumba mpaka mkaguzi apande darini, atambae chini ya sakafu, kisha aache mashine siku mbili nzima ipime radoni, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka kwenye mwamba na kula mapafu ya watu polepole. Na ili kipimo kisidanganye, madirisha yote hufungwa, hewa ya nje isiingie. Hapo ndipo wauzaji wanapojivunjia heshima. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anafungua madirisha kwa siri ili gesi itoke, akisikia gari la mkaguzi anayafunga mbio mbio, kisha anasimama mlangoni na uso wa malaika. Wendell alikuwa amewachoka. Alibandika utepe wa buluu kwenye kila dirisha na kuutia saini yake, ukibanduliwa anajua. Kwake yeye wauzaji walikuwa waongo, wanunuzi wajinga na madalali kupe, na maneno hayo aliyasema mezani kwa watu huku akila pai zao.

Mashine ile alikuwa ameitoa jana yake kwa akina Reinert. Nyumba yao ya mawe ilichimbwa ubavuni mwa kilima, hivyo chumba cha chini kilikuwa nusu ndani ya ardhi, na dirisha moja dogo linalotazama bustani. Humo ndimo alimolala Bi Ellamae Reinert, kikongwe ambaye miguu yake, aliyoichua kwa kafuri na siki, ilikuwa imeshagoma kupanda ngazi. Na kwa kuwa kipimo huwekwa chumba cha chini kabisa kinachokaliwa na watu, Wendell aliiweka mashine juu ya kabati, karibu na kichwa cha bibi huyo.

"Mwanangu," Bi Ellamae alimwambia, "hiki kidude chako kinakoroma kuliko marehemu mume wangu."

Wendell aliendelea kubandika utepe.

Siku ya pili alipita kukagua tepe zake, na Arlene, binti wa yule bibi, akamdaka mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Bwana Kistler, mama anakata roho. Niruhusu nifungue lile dirisha lake, moja tu."

"Pole sana," Wendell akasema, kama anayempa pole mtu aliyepoteza kifungo. "Dirisha halifunguliwi."

"Ni kitambo kidogo tu. Kwetu mtu akikata roho tunamfungulia dirisha. Unaona pazia linapeperuka kwenda nje, hata kama hakuna upepo, hapo unajua ameshapita. Halafu unafunga papo hapo, asije akageuka kumchukua wa kumsindikiza."

Wendell akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mama, kila muuzaji ana mama anayekata roho siku ya kipimo. Mwezi uliopita alikuwa bibi. Kabla yake, mbwa."

"Yaani nikusingizie mama yangu?"

"Mimi sijui. Bandua utepe, nami nampigia mnunuzi sasa hivi, namwambia mmechezea kipimo. Tuone kama atarudi."

Mnunuzi alikuwa huyo huyo mmoja, na nyumba ilikuwa imekaa sokoni tangu theluji ya mwaka uliopita. Arlene alirudi chini akaketi kando ya kitanda, amemshika mama yake mkono. Bi Ellamae alikufa jioni ile, macho yake yakiwa kwenye kioo. Wendell alikuja asubuhi, akapita katikati ya wafiwa bila kuvua kofia, akachukua mashine yake. Kwenye ripoti akaandika kwamba kipimo ni kizuri, na kwamba lile dirisha dogo fremu yake imeoza, bora lizibwe kwa matofali. Alijiona fundi kweli kweli. Kuna watu Mungu anawapa macho ya kuona fremu iliyooza, basi, anaishia hapo.

Baada ya hapo, kila alikoiweka mashine ile palizuka malalamiko. Mama mmoja alisema chumba kinanuka kafuri na siki. Mwingine alisema kuna mtu anagonga kioo, tena kwa ndani. Wendell aliwasikiliza kwa nusu sikio, akawaita wapumbavu moyoni na mara nyingine mdomoni. Jioni aliirudisha mashine nyumbani, na nyumbani ndiko alikokuwa Mavis.

Mavis ndiye mtu pekee duniani ambaye Wendell hakumdharau. Alikuwa mwanamke mnene mcheshi, aliyeishi naye tangu ujana wao na kumcheka kila siku. "Wewe hata kifo kikija utakidai kitambulisho," alimwambia, na Wendell alicheka, yeye ambaye hakucheka na mtu. Bila Mavis angekuwa mzee mkavu anayekula chakula cha kopo kwa kusimama, na hilo alilijua.

Sasa Mavis alianza kukosa pumzi.

"Wendell," alimnong'oneza asubuhi moja, "nani anagonga dirisha la jikoni?"

"Tawi."

"Hapo hapana mti, mume wangu."

Wakasikiliza wote wawili. Vidole vilikuwa vinagonga kioo, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeomba radhi kwa kusumbua. Harufu ya kafuri ilikuwa kwenye mashuka, kwenye taulo, kwenye kabichi chachu iliyokuwa jikoni. Daktari alimpiga Mavis picha ya kifua, akasema mapafu ni safi. Wendell akaipima nyumba yake mwenyewe kwa mashine nyingine, akakuta radoni haitishi. Akasema ni mafua tu. Lakini kila siku Mavis alizidi kushuka, na kifua chake kilipopanda, mashine kule karakana ilishuka, kana kwamba wanagawana hewa.

Mchana mmoja alimkuta mkewe kwenye sinki, viganja vyote viwili vimebanwa kwenye kioo, mgongo umepinda kama wa mtu mwenye umri mara mbili ya wake.

"Mavis?"

Akageuka polepole. Uso ulikuwa wa Mavis. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, ya kikongwe.

"Mwanangu, hiki kidude chako kinakoroma kuliko marehemu mume wangu. Nifungulie. Nimechelewa."

Wendell alifungua madirisha yote ya nyumba, baridi ikaingia, na mapazia yote yakavimba kuelekea ndani. Hakuna kilichotoka. Hapo yule bwana asiyeamini kitu akachukua mashine, akaifungia garini, akaenda kwa Verna Trexler.

Verna alikuwa ameendesha basi la shule mpaka akastaafu, na watu walimpelekea watoto walioungua moto ili awapulizie na kuwasomea. Wendell alikuwa amemcheka miaka yote. Verna naye hakusahau.

"Ala! Bwana Kistler! Umepotea njia?"

Akamweleza, kwa sauti ya chini, akiangalia viatu. Verna alisikiliza, tabasamu likamfutika usoni.

"Umeifungia roho ya mtu ndani kwa gundi?" akasema. "Mwanamke anakulilia mlangoni, wewe unalinda karatasi? Aibu yako. Alikosa pa kutokea, akaingia kwenye kitu pekee kilichokuwa kinavuta hewa mle chumbani. Sasa sanduku limembana, anahamia kifuani kwa mkeo. Na wakienda pamoja, mkeo harudi."

"Nifanye nini?"

"Irudishe chumba kile kile. Fungua dirisha lile lile, kwa mkono wako ule ule. Na pazia likishapeperuka, we bwana, kumbuka ku—"

Lakini Wendell alikuwa ameshapata alichokitaka, na mtu akishampa alichokitaka hakuwa na haja naye tena. Mlango wa gari ulishabamizwa.

Nyumba ya akina Reinert ilikuwa na mwenyewe mpya, yule mnunuzi, kijana aitwaye Kendrick Boyle, anayependa mambo yafuate karatasi. Alimteremsha Wendell mpaka chumba cha chini, akamwonyesha ukuta. Pale palipokuwa na dirisha palikuwa na matofali mapya, yamepakwa rangi nyeupe.

"Tumeziba. Si ripoti yako ilisema?"

"Libomoe. Nitalipa mimi. Nakuomba, kijana wangu, mke wangu anakufa."

Boyle alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Bwana Kistler, wewe ndiye uliyenifundisha nisimwamini mtu yeyote anayelia kwenye nyumba inayouzwa. Sasa na wewe unauza nini?" Akamsindikiza nje, akafunga mlango kwa upole.

Wendell aliendesha kurudi kwake, jua la Desemba likizama nyuma ya vilima, na katikati ya njia akagundua kwamba gari limekuwa kimya, kimya kabisa, kwamba sanduku kwenye kiti cha nyuma halikoromi tena, na akaelewa kwamba halina mtu ndani, kwamba aliyekuwemo amechoka kusubiri na ametangulia nyumbani.

Taa zilikuwa zinawaka. Akaingia akiita jina la mkewe, na kitu cha kwanza alichokiona ni utepe, utepe wa buluu kwenye dirisha la ukumbini, kwenye la jikoni, kwenye la ngazini, kwenye kila dirisha la nyumba aliloliacha wazi mwenyewe mchana ule, umebandikwa sawasawa bila kukunjamana, na juu ya kila utepe saini yake, kwa mwandiko wake, wino bado mbichi. Mavis alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha la sebuleni, midomo imegeuka rangi ya majivu, akivuta hewa isiyoingia, na kioo kando ya shavu lake kilikuwa kinagongwa bila kidole chochote kuonekana. Wendell alibandua utepe kwa kucha mpaka zikatoka damu, akasukuma fremu, akaisukuma kwa bega, akalia, akamwomba Bi Ellamae radhi kwa jina lake, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu aliye hai, na fremu haikusogea. Basi akanyakua nyundo yake ya ukaguzi akapiga kioo chote kikamwagika bustanini.

Pazia likapeperuka kwenda nje. Nje hapakuwa na upepo, theluji ilikuwa inaanguka wima. Harufu ya kafuri ikampita usoni, ikaenda zake.

Mavis akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote. Akafumbua macho, na sauti ilikuwa yake.

"Wendell, baridi jamani. Funga dirisha."

Wendell akacheka huku machozi yakimtoka, akanyoosha mkono alifunge. Mkono ulikuta fremu tupu. Hapo ndipo alipomkumbuka Arlene mlangoni, na yale maneno aliyoyachekea, yote, mpaka lile la mwisho, la kufunga papo hapo asije akachukua wa kumsindikiza. Akanyakua mto wa kiti akaushindilia kwenye tundu, ukapenya ukaangukia bustanini. Akavua koti, halikutosha. Akageuka, akauegemeza mgongo wake mpana kwenye fremu, mikono ameitandaza, vipande vya kioo vikimwingia, akimtazama mkewe kwenye kiti.

"Nimeziba," akamwambia. "Mavis, nimeziba."

Kifua cha Mavis kikashuka kisipande tena, na pazia likapita juu ya bega lake, polepole, likapeperuka kwenda nje mara ya pili.