Mbao za Mninga Kutoka Nyarugusu

Mwili wa Donatus ulitolewa chini ya kifusi Jumanne asubuhi, Agosti 1996, kwenye machimbo ya Nyarugusu. Wachimbaji walisema ardhi imeporomoka tu. Sajini Limi, mpelelezi aliyetumwa kutoka Geita, hakuridhika. Aliomba tochi akashuka mwenyewe.

Lilikuwa duara la zamani, shimo la dhahabu lililochimbwa enzi za wakoloni. Matimba yake, yaani nguzo na mbao za kuzuia dari, yalikuwa ya mninga. Sasa Limi alikuta miti mibichi ya mikaratusi, imevunjika vipande. Mashimo ya nguzo yalikuwa mapana kuliko miti iliyosimikwa ndani yake. Mtu alikuwa ameng'oa mninga.

Huko juu watu walikuwa wamemfunga kamba Masalu, mchimbaji mwenzake Donatus. Wiki mbili kabla, aligombana na Donatus mbele ya watu akaapa kumfukia.

"Ulisema hivyo?" Limi aliuliza.

"Nilisema, afande. Hasira. Lakini wiki nzima nilikuwa nimelazwa zahanati, malaria, nimetoka leo. Muulize mganga."

"Kuna siku duara lilifungwa, watu wasishuke?"

"Ndiyo, nikiwa huko huko zahanati. Mwenye duara alisema kuna hewa mbaya."

Mganga wa zahanati alithibitisha. Masalu akafunguliwa kamba.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Thobias, kaka wa marehemu na mwenye duara, alilia mpaka akashikiliwa. Jeneza alilitoa yeye. Lilipofunuliwa kwa ajili ya kuaga, Limi aliona limeungwa kwa vipande vifupi vya mninga. Nje lilirandwa vizuri, lakini ndani ya kifuniko kulikuwa na masizi mazito na matundu ya misumari mikubwa.

"Mbao nzuri, Baba Januari," alimwambia Thobias baadaye. "Umezipata wapi?"

"Kuna ghala la pamba lilibomolewa Shinyanga. Nilizikuta Kahama."

Limi hakuamini. Pamba haihifadhiwi penye moto. Masizi yale yalifanana na ya taa za kabaidi za wachimbaji.

Alhamisi alikuwa Kahama. Mji mzima ulikuwa ukijenga kwa saruji. Nyumba moja tu ilikuwa ikitandikwa mbao, ya Narendra, muuza mashine. Mkewe, Vasanti, alikuwa akiwasimamia mafundi.

"Shikamoo, Mama Nisha."

"Marahaba. Karibu uone. Nimechagua mwenyewe, ubao mmoja mmoja. Mninga wa zamani haupindi, mchwa haugusi. Za kwanza zilikuwa fupi, nikazikataa. Nikamwambia aniletee ndefu, zisizo na kiungo."

"Fupi zilikwenda wapi?"

"Alirudi nazo. Anaitwa Thobias. Baba Nisha alimpa pampu ya maji, yeye akatuletea mbao. Anasema ni za ghala la pamba."

Limi alipiga magoti, akachokonoa tundu la msumari kwa kalamu. Ukatoka udongo wa kijivu wenye chenga za mawe meupe.

"Mama, huu ni udongo wa mgodini. Mbao hizi zilikuwa zimeshikilia dari. Kuna mtu amekufa."

Vasanti alitazama chini, kisha akarudi nyuma hadi akatoka kwenye sakafu.

Jioni hiyo Limi aliingia msibani na ubao mmoja, akauweka mbele ya Thobias.

"Huu ulitoka wapi?"

Thobias aligusa matundu ya misumari. "Dunia imenielemea, afande. Maji yalijaa dhahabu ilipo. Bila pampu tungekufa njaa wote, na yeye pia. Nikadhani mikaratusi itashika mpaka nipate matimba mengine."

"Baada ya kuisimika, wewe ulishuka?"

"Sikushuka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Paskazia, mjane wa Donatus, aliinuka kwenye mkeka. "Shemeji, Jumatatu alikuuliza kama duara liko salama. Nilikuwepo, nimeshika uji wenu. Ulimwambia ashuke."

"Ningemwambia ukweli, angekwenda Kahama kuzirudisha zile mbao."

"Ndiyo," Paskazia alisema. "Angezirudisha."

Limi akamfunga pingu.

Mahakama ilichukua mbao mbili tu za ushahidi. Vasanti alitaka zilizobaki zing'olewe. Narendra akakataa, kwa kuwa pampu ilikuwa imeshakwenda. Mafundi wakamaliza kazi. Sakafu ilitoka nyekundu, laini, haina kiungo hata kimoja. Mwezi huo huo Vasanti aliagiza zulia kutoka Mwanza, akalitandika kutoka ukuta hadi ukuta.