Mnyororo wa Meneja

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilikuwa na joto la kuivisha mayai. Watu watatu, meza moja, mlango umekomewa kwa ndani. Meneja alishika chaki na kuchora mishale juu ya meza, kutoka pembe hadi pembe.

Huyu Meneja hakuwahi kusimamia hata kibanda cha karanga. Alikuwa karani wa manunuzi, akapelekwa semina moja ya biashara, akarudi na begi la bure na ugonjwa wa kuchora mishale. Kazi ilimtupa. Ugonjwa ukabaki naye.

"Tazameni," alisema. "Kiwanda cha mafuta ya injini. Mafuta yanaingia hapa, kwenye mapipa. Yanachujwa. Yanatiwa kwenye chupa. Yanasafirishwa, yanauzwa. Mteja akilalamika, anasikilizwa. Huu ndio mnyororo wa thamani. Kila hatua inaongeza kitu. Sasa niambieni, tupige wapi?"

"Kwa mhasibu," alisema Tindo, mvunja makufuli wao.

"Kamera na walinzi wenye bunduki."

"Ghalani basi. Mali iliyokwisha kupakiwa."

"Lori zima la mafuta utalificha wapi? Chini ya kitanda chako?"

Mdomo alicheka peke yake. Alikuwa mdogo wake Tindo, tumbo moja, na kazi yake kwenye genge ilikuwa jina lake: kuongea. Mwenye upara angekutana naye asubuhi, mchana angekuwa na vitana viwili mfukoni.

"Washindani wao wananunua mafuta yale yale," aliendelea Meneja. "Wanauza kwa bei ya chini, na bado wanadodewa. Hawa wanawapiga bao wapi?" Akagonga chaki ikakatika. "Hapa. Kifuniko chenye mhuri. Fundi hanusi mafuta, anatazama mhuri. Mafuta ni ya kila mtu, imani ya mteja iko kwenye kifuniko. Na vifuniko wamevitupa kwenye stoo yenye kufuli moja, kwa sababu wanaona ni plastiki tu. Mnunuzi wangu ana chupa, ana mafuta mabovu ya kumwaga. Anakosa vifuniko."

Tindo aliitazama ile mishale upya. Ilikuwa akili, hata kama ilitoka kwa Meneja.

"Na Mama Stoo?" aliuliza. "Yule mtunza vifuniko habanduki pale."

"Anabanduka. Ukileta chupa yenye shaka kwenye dirisha la malalamiko, lazima yeye mwenyewe aje aikague, papo hapo. Ndiyo sheria yao, na ndiyo inayowapa wateja." Akamsukumia Mdomo chupa iliyoviringishwa gazeti. "Utampelekea hii. Sema inavuja. Usiifungue kabla."

"Bosi, nitamlilia mpaka aniagizie soda."

Tindo alimkazia macho Meneja. Alikuwa amekubali kazi hii kwa sharti moja tu. "Tulikubaliana. Dogo haguswi. Mama alimwacha mikononi mwangu."

"Naapa," alisema Meneja, akifuta chaki vidoleni.

Saa sita na robo.

Pikapu ya maboksi ilisimama kwenye geti la nyuma. Walivaa ovaroli za muuza maboksi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na pancha nne za ajabu. Mlinzi alipekua kila kitu kilichoingia. Maboksi mabovu yanayorudishwa huwa hayapekuliwi, kwani nani aibe uchafu? Hilo nalo lilikuwa kwenye mishale ya Meneja.

Mdomo alikwisha kushuka mtaa wa nyuma, akazunguka kwenda mlango wa wateja.

Saa sita na nusu.

Mashine zilizimwa. Wafanyakazi wakaenda kula. Mama Stoo akaitwa dirishani, akaenda upesi huku akifunga kitambaa kichwani.

Kufuli lilimkubali Tindo bila ubishi. Ndani, magunia ya vifuniko mpaka darini. Wakaanza kujaza maboksi. Jasho likawatoka.

Tindo alichukua kifuniko kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mhuri. Ulikuwa na meno madogo, unakwaruza. Akarudia. Akachukua kingine. Unakwaruza.

Njiani, kwenye pikapu, alikuwa ameshika ile chupa ya Mdomo. Gazeti lilichanika juu. Mhuri wake ulikuwa laini kama kigae.

"Meneja. Ile chupa ni feki."

Meneja hakuacha kupakia. "Najua."

"Mama Stoo ataitambua."

"Anatakiwa aitambue. Wamekuwa wakiwasaka watu wa feki mwaka mzima. Akibonyeza kengele, walinzi wote wanakwenda mbele kumkamata. Geti la nyuma linabaki tupu, hakuna hata wa kuuliza mbona maboksi mabovu ni mengi hivi. Umeona hesabu?"

"Unamuuza dogo."

"Namtumia. Anaongea tu, Tindo. Fundi wa kufuli simpati mtaani, waongeaji wamejaa kila kona. Hatua isiyoongeza thamani inakatwa." Akainua boksi. "Shika upande huo."

Tindo alilishika. Wakalisogeza mpaka mlangoni. Hapo akaliachia.

"Ngoja nichungulie nje kwanza."

Akatoka. Akavuta mlango wa chuma. Akarudisha kufuli mahali pake, akalibana.

"Tindo?" Sauti ilitoka ndani, ya chini. "Tindo, ndugu yangu, acha utoto. Tindo! Nusu kwa nusu!"

Tindo alikuwa ameshaanza kutembea. Hakukimbia. Mwenye ovaroli akikimbia kiwandani, kila mtu humkimbiza.

Mdomo alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mguu juu ya mguu, soda mkononi. Nyuma ya kioo Mama Stoo alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mhuri. Akarudia. Mkono wa pili ukaanza kuteremka chini ya meza, kwenye kengele.

"Shikamoo mama," alisema Tindo. "Kuna mwizi stoo kwako. Nimemfungia ndani na vifuniko."

Mkono ukasimama. Mama akamtazama, kisha akaitazama ile chupa, kisha Mdomo.

"Vifuniko vyangu?"

"Magunia kwa magunia, mama."

"Askari! Stoo! Wote!"

Akatoka mbio, viatu vikibaki chini ya meza. Mlinzi wa mlangoni akamfuata. Tindo akapenyeza mkono dirishani, akachukua chupa, akamshika mdogo wake kwenye kola.

"Kaka, unaharibu! Nilikuwa nimeshampata. Amesema nisubiri, nitapewa chupa mbili mpya."

"Tembea."

Walikuwa wameshafika barabarani kengele ilipoanza kulia. Dakika chache baadaye gari la polisi likawapita kwa kasi, likakunja kona ya kiwanda.

"Meneja yuko wapi?" aliuliza Mdomo. Bado alikuwa na soda. "Na mali?"

"Amebaki nayo."

"Sasa tumepata nini leo?"

Tindo akamfunulia ile chupa. Akakichukua kidole gumba cha mdogo wake, akakipitisha kwenye mhuri ule laini, polepole, mzunguko mzima. Mdomo aliwahi kuuza vya feki. Alijua.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Magari yalikuwa mengi. Tindo akamshika mkono, kama mtoto wa chekechea, akamvusha barabara.