Matundu Chini ya Mito

Fundi ndiye aliyemwona nahodha kwanza, akatamani duka la sponji limmeze. Ilikuwa saa sita mchana, wateja wamebanana, na yeye kaja kununua sponji kavaa aproni iliyojaa nyuzi. Mwenzake kang'aa ndani ya shati jeupe, lile lile alilomshonea yeye walipochumbiana. Hilo lilimkera kuliko yote.

Miezi miwili hawakusemezana, tangu nahodha alipompigia simu kutoka kwenye boti, spika wazi, abiria wakisikia, akamwambia mito ya viti aliyomshonea inanuka uozo.

"Kumbe bado unashona," nahodha alisema.

"Kumbe bado hujazama."

Kwapani nahodha alibeba mto mmoja, aupimishie sponji mpya. Fundi alimpokonya, akaugeuza. Upande wa chini, pale alipoacha matundu manne madogo, palikuwa na gundi kavu.

"Nani kayaziba haya?"

"Mimi. Ulisahau kuyashona."

"Nilisahau?" Duka zima liligeuka. "We baba, haya ni ya kutolea maji! Maji ya chumvi yanapenya kwenye mshono, utake usitake. Ukiyaziba, yatokee wapi, puani mwako?"

Mtu alicheka. Nahodha alitazama viatu vyake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani mtu wa boti anajua maji lazima yatoke! Nawe ungeuliza."

"Niliona aibu kuuliza." Sauti yake ilishuka. "Niliyaziba mwenyewe siku ile ile uliponiletea, watu wasije wakasema mchumba wangu hamalizi kazi."

Fundi aliikwaruza ile gundi kwa ukucha. Bado alimpenda, na hilo lilimzidishia hasira.

"Unanisitiri kwa gundi, halafu unanivua nguo kwa simu?"

"Nilikosa, mpenzi. Nisamehe."

"Usiniite mpenzi. Na sikusamehe." Alimsukumia mto kifuani. "Kesho asubuhi lete yote kumi na miwili. Utaikwangua gundi mwenyewe, mto mmoja mmoja, nimekusimamia. Abiria wakipanda, utawaambia nani aliyeiozesha. Spika wazi."

"Nitawaambia. Na tukimaliza?"

"Tukimaliza nitajua kama bado nakuchukia."

Nahodha alifika mlangoni, mto kaukumbatia na uvundo wake wote.

"Wewe!" fundi aliita. "Kesho usije na shati hilo. Sikulishona nije nilione lina gundi."