Sumaku Chini ya Shimo Jeusi

Kila asubuhi Ujwala aliamka kabla ya baba yake, akapika mikate ya mtama, akafagia ua, kisha akashika njia ya shule. Alipita kando ya madishi makubwa ya wanaastronomia, yaliyosimama kati ya mashamba ya vitunguu yakisikiliza nyota. Tangu mama yake afariki, kazi zote za nyumbani zilikuwa zake. Mvua zikiisha, baba angeondoka tena kwenda kukata miwa, na safari hii alitaka mtu wa kumpikia huko kambini. Alisema wazi kwamba Ujwala akipata bweni mjini Pune, hatamzuia. Asipopata, masomo basi.

Nafasi ya bweni ilikuwa moja tu, ya mshindi wa maonyesho ya sayansi.

Ujwala akatengeneza mfano wa shimo jeusi la angani. Alitandaza sari ya marehemu mama yake juu ya ringi la baiskeli, akaikaza, akaweka jiwe la kusagia bizari katikati ili kitambaa kibonyee, akaviringisha gololi za beringi. Zilizopita karibu zilizunguka zikatumbukia. Zilizopita mbali zilipinda kidogo tu, zikaenda zao. Ujwala alikata tamaa. Nani angempa bweni kwa shimo lisilomeza? Basi akang'oa sumaku kwenye spika mbovu, akaifunga chini ya kitambaa, na tangu hapo kila gololi ikavutwa hadi katikati. Moyo ulimsuta, akajifanya hausikii.

Siku ya maonyesho, ofisa wa elimu alisimama mezani kwake, na Ujwala akaeleza bila kubabaika. Nyota kubwa mno ikiishiwa na kani ya kuishikilia hujiporomokea, uzito wake wote ukabanwa mahali padogo sana. Kuna mpaka kuizunguka, na kilichouvuka hakirudi tena, hata mwanga. Kisha akaviringisha gololi, zote zikamezwa. Ofisa akacheka kwa furaha.

Chimi, mtoto wa darasa la pili, alikuwa amejipenyeza mbele.

"Dada, jua nalo likiwa hivyo, litammeza mama?"

"Litawameza wote," ofisa akamjibu kwa utani.

Chimi akaangua kilio. Ujwala alijua si kweli, maana Mwalimu Shinde alikwisha kuwafundisha kwamba jua letu ni dogo mno kuwa shimo jeusi. Na hata kama lingebanwa likawa hivyo, uzito wake ukibaki uleule, dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, ila katika giza na baridi. Shimo jeusi halifyonzi vilivyo mbali.

Aliingiza mkono chini ya sari, akatoa sumaku.

"Usilie, Chimi. Nimedanganya. Tazama."

Akaviringisha gololi pembeni. Ikapinda kidogo, ikatoka upande wa pili.

Chimi alinyamaza. Ofisa alikunja uso, akasogea meza ya pili, na jioni nafasi ya bweni ikapewa mvulana aliyeleta volkano ya dukani.

Mwalimu Shinde alimkuta Ujwala nyuma ya darasa.

"Ningenyamaza ningeenda Pune, Mwalimu."

"Ungeenda. Nimembembeleza yule bwana, amegoma. Sina njia nyingine, mwanangu, nisikufiche."

"Kwa hiyo ni miwa."

"Ni miwa." Mwalimu aliketi kando yake. "Ungeileta ile sari bila sumaku, labda ungeshinda, labda usingeshinda. Hilo hatutalijua kamwe, na ndiyo hasara ya udanganyifu. Hukuiamini kazi yako, nayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ukweli uliousema leo haukukulipa kitu. Lakini yule mtoto atalala bila kuliogopa jua, na hilo umelifanya wewe. Kitu kionyeshe kilivyo, Ujwala, hata kama kitakuponza."

Ujwala aliitikia kwa kichwa, akafuta machozi, akaenda nyumbani kumwambia baba yake kwamba wataondoka wote wawili.